Neno OK: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hili neno tunalitumia kutwa, kwenye simu, kazini, kwa mangi dukani, mpaka bibi ambaye Kiingereza hakijui kabisa anakwambia "okei mjukuu wangu". Ila ukianza kuuliza limetoka wapi na lina maana gani hasa, kila mtu ana hadithi yake. Hapa nimekusanya maswali ambayo watu wanayarudia rudia sana, nimeanza na yale mepesi alafu tunaenda kwenye yale yenye utata. Pale ambapo jibu liko kwenye swali lingine nimesema tu ukaangalie wapi.

## Ya mwanzo kabisa

OK maana yake nini hasa?

Maana yake ya msingi ni "imekubalika" au "hakuna tatizo". Ukiangalia vizuri utaona OK haisifii kitu na wala haikipondi, inasema tu kwamba kitu kimepita. Mtu akisema gari lake liko OK hajasema ni zuri, kasema linatembea. Hii ndo siri ya hili neno na ukiielewa hapa, robo tatu ya maswali yanayofuata yanajijibu yenyewe, kwasababu karibu matatizo yote ambayo watu wanapata na OK yanatokana na kudhani lina maana ya "nzuri".

Niandike OK, O.K., ok au okay?

Zote ni sahihi, inategemea unaandikia nani. Shirika la habari la AP la Marekani linataka OK bila nukta na halitaki kabisa okay. Gazeti la New York Times kwa miaka mingi lilizoea O.K. yenye nukta. Wengi wanaoandika vitabu vya hadithi wanapenda okay kwasababu inakaa vizuri katikati ya sentensi, herufi kubwa mbili zinamrukia msomaji machoni. Ukiwa unaandika ripoti chagua moja uende nayo mpaka mwisho, kinachokera ni kuchanganya tatu kwenye ukurasa mmoja.

Kwa Kiswahili watu wanaandika okei, oke, oky, okey, hakuna aliyeweka sheria. Mi naona okei ndo inafuata matamshi yetu vizuri zaidi (swali linalofuata).

Linatamkwaje?

Mkazo unakaa kwenye silabi ya pili, o-KEI. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwahiyo ukiandika okei na kuitamka o-KE-i mkazo unaangukia palepale wanapouweka Waingereza, lakini ukiandika oke mkazo unahamia mwanzoni, O-ke, na ndivyo unavyosikia watu wengi mtaani wanavyosema. Zote zinaeleweka.

Ni neno la heshima au la mtaani?

Katikati. Kwenye mazungumzo ya Kiingereza halina shida hata mbele ya rais. Kwenye maandishi rasmi kama mkataba, barua ya maombi ya kazi, au insha ya mtihani, liache. Kuhusu kumjibu mkubwa wako kwa OK tupu, hilo lina mambo yake, angalia sehemu ya mwisho.

## Limetoka wapi

OK ni kifupi cha maneno gani?

Kifupi cha "oll korrect", ambayo ni "all correct" iliyoandikwa vibaya makusudi. Yaani "kila kitu sahihi" kwa herufi zisizo sahihi, hapo ndo penyewe palipokuwa na utani. Wengi wakisikia hivi hawaamini, wanaona neno kubwa hivi haliwezi kuwa limetokana na mzaha. Lakini ndo ukweli na ushahidi upo kwa maandishi.

Nani aliliandika kwanza?

Kwa ushahidi tulionao, gazeti la Boston Morning Post la tarehe 23 Machi 1839. Mhariri alikuwa anaitwa Charles Gordon Greene. Habari yenyewe ilikuwa ya kuchekesha tu, wa Boston walikuwa na kikundi chao kilichoanza kama mzaha, kimejiita chama cha kupinga upigaji kengele, na Greene alikuwa anataniana na gazeti la mji wa Providence kuhusu safari ya hao jamaa. Katikati ya maneno hayo akaandika "o.k." na palepale akafafanua kwamba ni all correct.

Huo ufafanuzi ndo wa thamani kuliko yote. Mtu anayetumia neno linalojulikana na wote hana haja ya kulifafanua. Na mtu anayelifafanua mwenyewe ndo anatuambia bila kificho alikuwa na maana gani.

Mbona mhariri mzima aandike makosa makusudi?

Ilikuwa fasheni ya wakati ule. Kuanzia mwaka 1838 hivi magazeti ya Boston yalishikwa na homa ya vifupisho, wanachukua maneno ya kawaida wanayafupisha kwa herufi, na ili inoge zaidi wanayaandika vibaya kwanza alafu ndo wanafupisha. Kulikuwa na O.W. ya "oll wright", yaani all right. Kulikuwa na K.Y. ya "know yuse", yaani haina kazi. N.G. ilikuwa no go, na G.T. ilikuwa gone to Texas, ambayo ilisemwa kwa mtu aliyekimbia madeni yake.

Ukiwaangalia vijana wa sasa na vifupisho vyao vya kwenye simu utaona ni kitu kilekile kabisa, raha ya kuandika kwa namna ambayo mwenzako anaijua na mzee wako haijui. Tofauti ni kwamba hao wa 1838 walikuwa wahariri wenye ndevu.

Sasa kama ilikuwa utani wa mji mmoja, ilieneaje dunia nzima?

Hapa ndo pananifurahisha kuliko sehemu yoyote ya hii historia, kwasababu OK ilipaswa kufa kama zile nyingine. Nani leo anasema O.W.?

Kilichoiokoa ni siasa. Mwaka 1840 Marekani walikuwa na uchaguzi, na rais aliyekuwa madarakani, Martin Van Buren, alikuwa anagombea tena. Kwao kulikuwa kijiji cha Kinderhook, jimbo la New York, na wafuasi wake wakampa jina la Old Kinderhook, yaani mzee wa Kinderhook. Herufi za kwanza si ndo hizo, O na K! Wafuasi wakaanzisha vikundi wakaviita O.K. Club, wakawa wanapiga kelele za O.K. kwenye mikutano, kwahiyo ukisema O.K. umesema mawili kwa mpigo, mgombea wetu na pia mambo yote sawa.

Wapinzani nao hawakukaa kimya, wakazigeuza herufi zilezile. Wakasema O.K. ni "out of kash", hana hela, wengine wakasema ni "orful katastrophe", balaa kubwa. Wakamsingizia pia rais aliyepita, Andrew Jackson, ambaye alikuwa rafiki yake Van Buren, kwamba hajui kuandika na eti alikuwa anaidhinisha karatasi za serikali kwa kuandika O.K. akidhani all correct inaanza hivyo. Hakuna karatasi iliyowahi kuonyesha hivyo, ilikuwa kampeni. Lakini uongo huo ulisaidia, kwasababu watu walianza kuandika OK kwenye karatasi kama alama ya kuidhinisha.

Van Buren alishindwa na William Henry Harrison. Herufi zake zikabaki.

Alafu ikaja telegrafu. Mwaka 1844 Samuel Morse alituma ujumbe wake maarufu kutoka Washington kwenda Baltimore, na baada ya hapo waya zikaanza kusambaa pembeni ya reli. Waendeshaji walihitaji namna fupi ya kusema "ujumbe wako nimeupata wote", na OK ikakaa hapo kama imetengenezewa. Ujumbe ulikuwa hauhesabiki umefika mpaka upande wa pili ujibu OK. Kwahiyo lile neno la mzaha likawa neno la kazi.

Nimesikia ilitoka vitani, wanajeshi wakirudi wanaandika "0 killed", sifuri waliokufa. Si kweli?

Si kweli. Wanaoisimulia wanaiweka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na hivyo vilianza 1861. OK ilikuwa imeshachapishwa gazetini miaka 22 kabla. Mtoto hawezi kumzaa mama yake.

Tumia kipimo hichohicho kwa hadithi nyingi utakazoletewa. Kuna ile ya biskuti za jeshi zilizokuwa na herufi O.K. za jina la mtengenezaji Orrin Kendall, hiyo nayo ni ya vita hivyohivyo. Kuna ya karani wa reli anaitwa Obadiah Kelly aliyekuwa anasaini mizigo kwa herufi zake. Kuna ya Kigiriki "ola kala", mambo yote mazuri, kuna ya Waskoti "och aye", na ya bandari ya Aux Cayes huko Haiti iliyosifika kwa ramu. Kila mtu anavutia kwake. Ukiletewa hadithi mpya uliza tu, imeandikwa wapi kabla ya 1839? Hapo wengi wananyamaza.

Na ile ya Wahindi Wekundu?

Hii angalau ina mashiko kidogo. Wachoctaw, wenyeji wa kusini mashariki mwa Marekani, wana neno okeh ambalo maana yake ni kama "ndivyo ilivyo". Rais Woodrow Wilson aliiamini, akawa anaandika okeh kwenye karatasi anazoidhinisha. Kampuni ya santuri iliyoanza 1918 nayo ikajiita Okeh.

Shida ni kwamba hakuna anayeweza kuonyesha njia, yaani neno limetoka vipi kwenye vijiji vya Wachoctaw likafika kwa mhariri wa Boston ambaye mwenyewe anatuambia ni kifupi cha all correct. Kufanana kwa sauti peke yake hakutoshi. Lugha zipo maelfu, sauti za mdomo wa binadamu ni chache, lazima zitafanana mahali.

Ni kweli OK imetoka Afrika Magharibi, ikapelekwa na watumwa?

Hili swali linaulizwa kwa hisia na naelewa kwanini, mimi mwenyewe ningependa iwe kweli. Mwaka 1969 msomi mmoja Mwingereza, David Dalby, alisema OK inaweza kuwa imetoka kwenye Kiwolof, lugha ya Senegal na Gambia, ambako kuna "waw kay", waw ikiwa ni ndio na kay ikitia mkazo. Wanaomuunga mkono wanaonyesha kitabu cha msafiri mmoja cha mwaka 1784, ambamo mtumwa wa North Carolina ananukuliwa akianza sentensi yake kwa neno "kay".

Ni hoja ya heshima na haistahili kubezwa. Watu waliotekwa Afrika Magharibi walipeleka maneno yao kweli, "banjo" na "gumbo" ni mifano ambayo wasomi wengi wanaihusisha na Afrika. Na pia tujue kwamba maneno ya watumwa hayakuwa yanaandikwa, kwahiyo kukosekana kwa maandishi hakumaanishi kwamba neno halikuwepo midomoni. Ila "kay" ile ya 1784 iko peke yake, haina "o", na kati yake na Boston 1839 kuna pengo la miaka 55 ambalo hakuna aliyelijaza. Kwa sasa ushahidi wa gazeti ndo mzito. Kuipenda Afrika si kuipa kila neno, tuipe yale tunayoweza kuyathibitisha, ni mengi tu.

Nani aligundua yote haya?

Profesa Allen Walker Read wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Alipekua magazeti ya zamani moja baada ya jingine enzi ambazo hakuna kompyuta wala kutafuta kwa kubonyeza, alafu mwaka 1963 na 1964 akatoa mfululizo wa makala kwenye jarida la American Speech akieleza fasheni ya vifupisho, gazeti la Boston, na kampeni ya Van Buren. Kabla yake watu walikuwa wanabishana kwa hadithi tu. Kazi aliyofanya huyu mzee ndo imetupa jibu, na inasikitisha kwamba hadithi ya "0 killed" inasambaa kila siku na jina lake halitajwi.

Oklahoma na O.K. Corral zina uhusiano?

Hapana. Oklahoma limetokana na Kichoctaw, okla ni watu na humma ni -ekundu, ikatokea tu kwamba kifupi chake cha posta ni OK. O.K. Corral ni zizi la farasi huko Tombstone, Arizona, linalojulikana kwasababu ya mapigano ya bunduki ya tarehe 26 Oktoba 1881, na wakati huo OK ilikuwa imeshazeeka miaka 42.

## Kulitumia kwenye Kiingereza

Mgeni wangu kasema "The food was OK". Kanisifia?

Hajakusifia. Kasema chakula kililika. Kumbuka jibu la swali la kwanza, OK haisifii. Mzungu aliyependa chakula atasema great, lovely, delicious. Akisema OK, na hasa akiivuta kidogo, "it was... OK", maana yake hakikumfurahisha lakini hataki kukuumiza.

Na wewe ukiulizwa kuhusu hoteli uliyolala, au kazi ya mtu, au mchumba wa mtu, usijibu OK kama umependa. Watu wetu wengi wanaharibu hapa bila kujua, wana nia nzuri kabisa wanamwambia bosi "your presentation was OK" na bosi anaondoka kanuna.

Nilimkaribisha chai akajibu "I'm OK". Nilimmiminia akashangaa. Kwanini?

Kwasababu alikataa. Hii inawakamata watu wengi sana. Ukimuuliza mtu "Do you want some tea?" alafu akasema "I'm OK" au "I'm good", maana yake niko sawa hivi nilivyo, sihitaji, asante. Akiitaka atasema "yes please" au "OK" bila hiyo "I'm". Ona kitu kidogo kinavyobadilisha jibu zima, "OK" ni ndio na "I'm OK" ni hapana.

Siku hizi vijana wa Nairobi na Dar nao wanasema "niko sawa" wakikataa kitu, wameichukua huko. Mzee wa Tanga au Lamu aliyekukaribisha chakula hatakuelewa, yeye anategemea uonje hata tonge moja.

"Are you OK?" ni salamu?

Inategemea nchi. Uingereza wengi wanasalimiana "you OK?" au "you all right?" na jibu ni fupi tu, "yeah, you?". Marekani ukiulizwa "are you OK?" mara nyingi mtu kaona kitu usoni kwako, umeanguka, unalia, umepauka, anakuulizia hali kwa kweli. Ukitumia kama salamu kwa Mmarekani atajiuliza ana nini leo.

"That's OK" na "It's OK" zinatumikaje?

Mtu akikuomba msamaha, "that's OK" ni kama "usijali". Mtu akiwa analia, "it's OK, it's OK" ni kama tunavyosema "basi, basi, nyamaza". Angalia usiseme "OK" tupu kwa mtu aliyekuomba msamaha, inakuwa kama umemsikia lakini hujamsamehe.

Naweza kulitumia kama kitenzi?

Ndio. "The boss OK'd my leave", bosi kaidhinisha likizo yangu. Ukiandika kwa herufi kubwa unaweka ile alama ya juu, OK'd na OK'ing, na ukitumia okay inakuwa okayed na okaying. Linaweza kuwa nomino pia, "we got the OK", tumepewa ruhusa. Na linaweza kueleza kitenzi, "she sings OK", anaimba kiasi, na hapo tena si sifa.

Mbona wanaanza nalo sentensi wakati hakuna walichokubali?

Mwalimu anaingia darasani anasema "OK, let's start". Hapo halina maana ya kukubali, ni la kufunga jambo moja na kufungua jingine, kama sisi tunavyosema "haya". "Haya, tuanze". Ni tafsiri nzuri kuliko sawa kwa hiyo sehemu. Na mwisho wa sentensi, "be home by six, OK?", inafanya kazi ya "sawa?" au ile "umesikia?" ya mama.

## Kwenye simu, kompyuta na vidole

Kwanini mtu akijibu "K" tu inauma?

Kwasababu umeandika meseji ndefu, umefikiria, umeeleza, na yeye hakuona unastahili hata herufi ya pili. Wazungu wanaihesabu "k" kama dalili ya hasira au kutojali, na huku kwetu imeshaingia hivyohivyo. "Kk" haina ukali, ni ya haraka tu. "Okay." yenye nukta mwishoni, kwa vijana, inasomeka kama mtu aliyenuna. "Okeeei" iliyovutwa ni ya uchangamfu. Ukiwa na haraka kweli andika "okei asante", ni sekunde mbili na umeokoa urafiki.

"OK boomer" ni nini?

Ni jibu la vijana kwa wazee wanaowalaumu kila kitu. Boomer ni wale waliozaliwa baada ya vita kuu ya pili, wakati watoto walizaliwa kwa wingi Marekani na Ulaya. Ilivuma 2019, na Novemba mwaka huohuo mbunge kijana wa New Zealand, Chlöe Swarbrick, alimjibu hivyo mbunge mwenzake aliyemkatisha akiongelea mabadiliko ya tabianchi. OK hapo inamaanisha "nimekusikia, basi", ni kumfunga mtu mdomo. Usimwambie mtu unayemheshimu.

Kitufe cha OK kwenye kompyuta kilianzaje?

Miaka ya mwanzo ya 1980 Apple walikuwa wanatengeneza kompyuta yao inaitwa Lisa, ikatoka 1983. Kwenye majaribio kile kitufe cha kukubali kiliandikwa "Do It", fanya. Wakaleta watu wa kawaida waijaribu, na mmoja wao akawa anakasirika bila sababu kila kikitokea, kumbe alikuwa anasoma "dolt", yaani mjinga, maana maandishi yale ya skrini "I" na "l" zilifanana. Wakakibadilisha kikawa OK.

Na kwenye intaneti kila ukurasa unaofunguka bila shida, sava, yaani kompyuta inayoutunza huo ukurasa, inatuma namba 200, ambayo maana yake ni OK. Huioni lakini ipo. Ni kazi ileile ya telegrafu, ujumbe umefika.

Ile ishara ya kuunganisha kidole gumba na cha shahada iko salama kila mahali?

Hapana. Marekani ni OK ya kawaida, ila Brazil ni tusi zito, Ufaransa inaweza kumaanisha sifuri, na Japani ni ishara ya hela. Alafu kuanzia 2017 baadhi ya watu wenye siasa za ubaguzi wa rangi walianza kuitumia kama alama yao, mpaka mwaka 2019 shirika la ADL la Marekani, linalopambana na chuki, likaiingiza kwenye orodha yake ya alama za chuki, huku likisema kwamba mara nyingi bado ni OK tu na uangalie mazingira.

Sehemu moja ambayo ishara hii haina mbadala ni chini ya maji. Vijana wanaopeleka watalii kuzamia Mafia, Pemba au Nungwi wanaijua, kwasababu ukiwa chini gumba juu haimaanishi poa, inamaanisha napanda juu. Ukimuonyesha kiongozi wako gumba ukidhani unamwambia mambo safi, anakupandisha na safari imeishia hapo.

## OK na Kiswahili

OK na sawa ni kitu kimoja?

Karibu, lakini sawa ina uwanja mpana zaidi. Sawa asili yake ni Kiarabu na msingi wake ni kulingana, ndo maana tunasema mbili na mbili sawa na nne, au wale ndugu wako sawa kwa urefu, na OK haiwezi kufanya hiyo kazi. Barabara nayo, ile ya kukubali, imetoka kwenye Kiajemi na msingi wake ni huohuo wa kulingana. Poa, freshi, safi na fiti zina furaha ndani yake, zinasifia, kwahiyo si OK kabisa. Ukitaka neno la Kiswahili lisilosifia wala kuponda, ni sawa.

Ndugu zetu wa Kongo, waliozungukwa na Kifaransa, utawasikia na dakor yao kwenye Kiswahili mahali ambapo sisi tungesema okei.

Nikimjibu mzazi au bosi "OK" nimekosa adabu?

Hujatukana, lakini umekausha. Kiswahili kinataka kumtaja unayemjibu. "Sawa mama", "haya baba", "sawa mkuu", "naam shekhe". Hata OK yenyewe ukiifunga na jina la heshima inalainika, "okei shangazi". Pwani, mzee akikuita hujibu OK wala sawa, unajibu labeka au naam kutegemea na ulivyolelewa. Kwa Kiingereza pia ongeza kidogo, "OK, thank you" au "OK, I'll do that", bosi wa Kizungu naye ni mtu.

Kwenye insha au barua rasmi niweke nini badala yake?

Kama unakubali jambo, "I agree" au "I accept". Kama ni kitu kinachotosha, "acceptable" au "satisfactory". Kama ni ruhusa, "approval". Kama ni hali ya mtu, "well" au "fine". Kwa Kiswahili ni nimekubali, inaridhisha, idhini, hajambo.

Nikijibu "OK" kwenye meseji ya biashara, nimeshakubali mkataba?

Inawezekana kabisa, kwahiyo kuwa makini. OK ina maana mbili hapa, "nimesoma" na "nimekubali", na anayekusomea upande wa pili atachagua inayomfaa.

Kuna kesi ya Kanada, jimbo la Saskatchewan, ambayo kila mfanyabiashara aijue. Mwaka 2021 mnunuzi wa nafaka alimtumia mkulima picha ya mkataba wa tani 86 za mbegu za kitani, akamwomba athibitishe. Mkulima akajibu kwa emoji ya gumba juu. Mzigo haukufika na bei ikapanda. Mkulima akajitetea kwamba gumba lilimaanisha ameupata ujumbe tu, atausoma baadaye. Mwaka 2023 jaji akasema ni saini, akamtoza zaidi ya dola 82,000 za Kanada, na 2024 mahakama ya rufaa ikaunga mkono. Sehemu ya sababu ilikuwa kwamba huko nyuma alishajibu mikataba mingine kwa "ok", "yup" na "looks good", na zote alileta mzigo. Yaani zile OK zake za zamani ndo zilizomfunga.

Kila nchi ina sheria zake, ila la kufanya ni rahisi. Kama umesoma tu, andika "nimeipata, nitakujibu kesho". Kama umekubali, andika umekubali nini, bei gani, na lini.